Meno ya kale yanavyolieleza soko la Busia

Visukuku vya Elgon, Karamoja na kando ya Ziwa Victoria vinaonyesha kwamba tofauti ya mwinuko, ambayo ndiyo mtaji wa mfanyabiashara wa mpakani, ina umri wa miaka milioni 20, na kwamba imewahi kuhama zaidi ya mara moja.

Ukisimama asubuhi upande wowote wa mpaka wa Busia, unaweza kuusoma Mlima Elgon bila kuupanda. Viazi vimeshuka kutoka Kapchorwa. Ndizi za kupika zimetoka miteremko ya Mbale. Mahindi na maharagwe yametoka nchi tambarare, mtama na mbuzi kutoka upande wa Karamoja, na dagaa, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene, wamepanda kutoka Ziwa Victoria. Kila gunia na kila kikapu kina mwinuko wake.

Wahenga walisema milima haikutani, lakini binadamu hukutana. Pale sokoni milima nayo hukutana, kwa sababu binadamu wameibeba vichwani, kwenye mikokoteni na kwenye baiskeli za boda boda, usafiri ambao jina lake lilizaliwa papo hapo Busia, watu walipokuwa wakivushwa kutoka kituo cha mpaka cha nchi moja hadi cha nyingine.

Hesabu yake ni rahisi. Busia iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Wagagai, kilicho kirefu kuliko vyote vya Elgon, kina mita 4,321. Kwa mstari ulionyooka, umbali kati ya sehemu hizo mbili haufiki kilomita 100, lakini hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ndiyo maana kahawa ya arabika inastawi juu na kukataa chini, na mtama unavumilia chini na kukataa juu. Kama ardhi yote kutoka ziwani hadi kileleni ingezaa kitu kimoja, mfanyabiashara wa mpakani asingekuwa na la kuuza.

Wanasayansi wanaochimba mifupa ya kale katika eneo hili hili wamegundua jambo ambalo mtu wa Busia analijua kwa mikono yake: kwamba mahali pawili palipokaribiana panaweza kuwa dunia mbili tofauti kwa wakati mmoja. Wao wamelikuta kwenye meno ya wanyama waliokufa mamilioni ya miaka kabla hapajakuwa na mtu wa kuchora mpaka.

Jiwe la Tororo na siri ya mifupa

Tuanzie Tororo, kwa sababu hakuna dereva wa lori anayepita Malaba asiyelijua lile jiwe kubwa linalosimama juu ya mji. Mwamba wa Tororo na vilima vya Sukulu vilivyo jirani ni mizizi ya volkano za kale. Miili ya volkano hizo imeliwa na mvua na upepo, ukabaki mzizi tu. Mwamba wake si wa kawaida: ni kabonatiti, yaani jiwe la moto lenye chokaa nyingi. Chokaa hiyo ndiyo iliyofanya Tororo kuwa mji wa saruji, na Sukulu kujulikana kwa fosfati ya mbolea.

Volkano za jamaa hiyo zilikuwa nyingi katika ukanda huu. Kulikuwa na Napak huko Karamoja, Kisingiri karibu na kisiwa cha Rusinga, na Tinderet juu ya Koru na Songhor, mashariki mwa Kisumu. Zilipolipuka zilimwaga majivu yenye chokaa. Hapo ndipo bahati yetu ilipo. Mnyama akifa msituni, asidi ya udongo huila mifupa yake upesi. Lakini akifunikwa na majivu yenye chokaa, asidi hupoozwa, na mfupa hupata muda wa kugeuka jiwe. Mfupa au jani lililogeuka jiwe namna hiyo ndilo linaloitwa kisukuku.

Kwa hiyo jiwe linalojenga nyumba zetu ni ndugu wa majivu yaliyotuhifadhia mifupa. Mwaka 1926, daktari na mkulima mlowezi aitwaye H. L. Gordon alikuta mifupa katika mawe ya chokaa ya shamba lake huko Koru. Iliishia London, na mwaka 1933 Arthur Tindell Hopwood akampa mmojawapo wa wanyama hao jina la Proconsul. Alikuwa nyani mkubwa asiye na mkia, wa ukoo uliokuja kuzaa sokwe na binadamu. Tarehe 2 Oktoba 1948, Mary Leakey alipata fuvu la jamaa yake kisiwani Rusinga. Huko Napak, Julai 2011, timu ya Martin Pickford na Brigitte Senut ilipata fuvu la nyani mwingine mkubwa, mwenye umri wa miaka milioni 20 hivi.

Mahindi na maharagwe ndani ya jino

Mtu atauliza: mfupa unaelezaje hali ya hewa? Jibu liko katika biashara yako mwenyewe.

Mimea haivuti hewa kwa njia moja. Mahindi, mtama, wimbi, miwa na nyasi nyingi za nchi ya joto hutumia njia inayozisaidia kuvumilia jua kali na ukame. Maharagwe, ndizi, viazi, muhogo, kahawa, mpunga, ngano na karibu miti yote hutumia njia nyingine, ya kale zaidi. Wanasayansi huliita kundi la kwanza C4 na la pili C3. Sisi tuliite la kwanza kundi la mahindi, na la pili kundi la maharagwe.

Katika hewa, kaboni iko ya namna mbili zilizo imara, nyepesi na nzito. Ile nzito ni kama asilimia 1 tu. Kundi la maharagwe huikwepa kaboni nzito zaidi. Kundi la mahindi haliikwepi sana. Mnyama anapokula, kipimo hicho huingia mwilini na kukaa kwenye gamba gumu la jino. Gamba hilo halibadiliki hata baada ya mamilioni ya miaka. Ukikwangua unga kidogo wa jino la kifaru wa kale na kuupima maabara, utajua kama alikuwa mla nyasi au mla majani ya miti.

Kuna ushahidi mwingine. Ndani ya majani ya nyasi kuna chembe ndogo za madini yanayofanana na kioo, ndizo zinazokukata mkono ukivuta nyasi kwa pupa. Nyasi zikioza, chembe hubaki kwenye udongo, na kila aina ya nyasi ina umbo lake. Udongo wa kale nao huhifadhi nta ya majani na vidonge vya chokaa. Vyote hivi vikisomwa pamoja, mtafiti anaweza kusema: hapa palikuwa msitu, pale palikuwa nyasi.

Moroto ilivyopindua simulizi

Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha kwamba miaka milioni 20 iliyopita Afrika Mashariki ilifunikwa na msitu mmoja, na kwamba nyasi za kundi la mahindi zilikuja kutawala baadaye sana, karibu miaka milioni 10 iliyopita au hata chini ya hapo.

Aprili 2023, jarida la Science lilichapisha tafiti mbili zilizopindua simulizi hiyo. Ya kwanza, iliyoongozwa na Daniel Peppe wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, ililinganisha maeneo tisa ya visukuku ya Kenya na Uganda. Ilionyesha kwamba nyasi za kundi la mahindi zilikuwapo, tena kwa wingi mahali pengine, tangu miaka milioni 21 iliyopita. Msitu mmoja haukuwapo. Palikuwa na mchanganyiko: hapa miti iliyofungana, pale miti michache na nyasi, kwingine vichaka.

Utafiti wa pili uliongozwa na Laura MacLatchy wa Chuo Kikuu cha Michigan, na ulihusu Moroto, Karamoja. Huko aliishi nyani mkubwa aitwaye Morotopithecus bishopi, aliyepewa jina hilo mwaka 1997 kwa heshima ya W. W. Bishop, mwanajiolojia aliyechimba Uganda. Mifupa ya mgongo na paja yaonyesha kwamba aliweza kupanda miti akiwa amenyoosha kiwiliwili. Wataalamu walidhani umbo hilo lilitokana na kutafuta matunda kwenye ncha za matawi ndani ya msitu mnene. Lakini meno yake yalikuwa ya kutafuna majani, na kaboni ndani yake ilisema majani hayo yalitoka kwenye mimea iliyopata kiu. Alikuwa akiishi penye miti iliyoachana, katika nchi yenye msimu wa ukame, na nyasi zikimea katikati ya miti.

Mtu aliyewahi kununua mbuzi Karamoja hatashangaa sana kusikia kwamba ukame wa huko una historia ndefu.

Sasa panda Elgon upande wa kaskazini mashariki, hadi Bukwa, si mbali na kituo cha mpaka cha Suam. Pale kuna visukuku vyenye umri wa miaka milioni 19 hivi, na nyasi ni miongoni mwa mimea iliyohifadhiwa. Kisha teremka hadi Rusinga. Katika tabaka moja la kisiwa hicho, la miaka milioni 18 hivi, watafiti walikuta visiki vya miti iliyogeuka jiwe ikiwa bado imesimama palepale ilipoota, imebanana, na mifupa ya nyani wa kale kati yake. Huo ulikuwa msitu mnene. Lakini matabaka mengine ya kisiwa hichohicho yanaonyesha nchi kavu na wazi zaidi.

Ndiyo kusema tofauti zilikuwa za aina mbili: za mahali na mahali, na za wakati na wakati. Volkano ilipanda na kuvuta mvua upande mmoja, ikauacha mwingine ukiwa mkavu. Mlipuko uliua msitu, nyasi zikaingia, kisha miti ikarudi.

Ngano inayomchanganya mtafiti

Hapa mwinuko unaleta mtego, na mfanyabiashara wa nafaka ataufahamu mara moja. Mahindi na ngano zote ni jamaa ya nyasi. Lakini ngano iko katika kundi la maharagwe. Hupenda baridi, ndiyo maana Uganda hulima ngano yake nyingi katika miinuko ya Kapchorwa na Bukwo, na Kenya katika nyanda za juu.

Nyasi za porini hufuata sheria hiyohiyo. Katika milima ya Kenya, chini ya mita 2,000 karibu nyasi zote za wazi ni za kundi la mahindi. Juu ya mita 3,000 karibu zote ni za kundi la maharagwe. Kati ya hapo zimechanganyika. Nyati anayekula nyasi tupu juu kabisa ya Elgon anaweza kuwa na meno yenye kaboni kama ya mnyama wa msituni.

Mtego huo uliwagawa wataalamu huko Fort Ternan, Kenya, ambako Louis Leakey alichimba nyani wa kale Kenyapithecus mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mahali hapo pana umri wa miaka milioni 14 hivi. Nyasi zilizogeuka jiwe zilipatikana, na baadhi ya watafiti wakasema palikuwa mbuga. Wengine wakapima meno na udongo, wakakuta kaboni ya kundi la maharagwe. Je, palikuwa na miti mingi, au palikuwa na nyasi za aina ya nchi baridi? Bila kujua mwinuko na baridi ya mahali, jino peke yake halitoshi. Ni kama kuletewa gunia usiambiwe limetoka wapi: bei yake huwezi kuikisia sawasawa.

Ziwa lilipokauka

Kuanzia karibu miaka milioni 10 iliyopita, nyasi za kundi la mahindi zilitanda, na wanyama wakabadilika nazo. Wenye umbo la pundamilia walikuwa wa kwanza kuhamia kwenye nyasi hizo, wengine wakafuata. Wanyama wa mbugani unaowajua leo ni matokeo ya mabadiliko hayo.

Lakini usidhani yote ni ya zamani zisizohesabika. Rusinga na Karungu zina mifupa ya makumi ya maelfu ya miaka tu iliyopita, wakati watu walikwisha kuwapo. Kati ya wanyama hao yumo pundamilia wa Grevy, ambaye leo nchini Kenya makao yake ni nyika kavu za kaskazini. Yumo pia jamaa ya nyumbu aliyekwisha toweka, Rusingoryx, aliyekuwa na mfupa wa pua uliovimba na wenye uwazi ndani. Wote walikuwa wanyama wa nyasi kavu, na walizunguka mahali ambapo leo mvuvi hutandaza wavu.

Kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita, Ziwa Victoria lenyewe lilikauka. Katika enzi hiyo ya baridi, barafu ilikaa juu ya Elgon, na mipaka ya mimea ikashuka mlimani kwa mita 1,000 hivi. Mimea unayoikuta leo karibu na kilele ilikuwa imeteremka hadi pale penye misitu ya sasa. Dunia ilipopata joto, ikapanda tena. Soko lote, kama lingekuwapo, lingelazimika kuhama ngazi.

Safari hii kuna mpaka

Hilo ndilo fundisho la mifupa kwa mtu anayeishi kwa kuvusha mizigo. Hali ya hewa inapobadilika, mazao hayafi yote. Mengi huhamia ngazi nyingine ya mlima. Wanyama wa kale walifuata chakula chao. Walishuka, wakapanda, wakavuka mito, na hapakuwa na wa kuwauliza vitambulisho. Tena walikuwa na maelfu ya miaka ya kufanya hivyo.

Leo joto linapanda katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Arabika inahitaji ubaridi, na njia yake ni kupanda juu. Lakini juu ya mashamba ya Elgon kuna mpaka wa hifadhi ya taifa, na mteremko wenyewe una hatari yake: Machi 2010, baada ya mvua kubwa, ardhi iliporomoka Bududa na kufukia mamia ya watu. Chini nako, Mei 2020 ziwa lililowahi kukauka lilijaa kupita kiasi, na familia za Budalang'i zikahama nyumba zao.

Mkulima hawezi kuhamisha shamba lake mita 300 juu. Kinachoweza kuhama ni chakula, na miguu ya chakula ni mfanyabiashara. Mwaka ambao tambarare imekauka, huenda mteremko umevuna. Mwaka ambao mvua imeozesha mahindi ya upande mmoja, huenda upande wa pili yamekauka vizuri. Tofauti ya mwinuko ni akiba yetu, lakini inafaa tu pale njia kati ya ngazi na ngazi iko wazi.

Tuliona Machi 2021 njia ilipofungwa. Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikaruhusu kwa masharti ya vyeti na vipimo. Hofu ya sumukuvu ilikuwa ya haki. Sumu hiyo huua, nayo hupenda mahindi yaliyoteswa na ukame shambani kisha yakahifadhiwa yangali na unyevu. Ndiyo maana kipima unyevu, turubai la kuanikia na maabara karibu na mpaka ni vitu vya tabianchi sawasawa na jenereta ya umeme wa jua. Kadiri hali ya hewa inavyoyumba, ndivyo mzigo safi unavyohitaji kupita haraka.

Ukiletewa mfupa wa jiwe

Liko jambo moja la mwisho, na linakuhusu moja kwa moja. Wachimba mawe, wakulima na wachungaji wa pande zote mbili huweza kukuta jino au mfupa uliogeuka jiwe. Usiununue, usiubebe, na usikubali uingizwe kwenye mzigo wako. Kenya inavilinda visukuku kwa Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, na Uganda ina sheria yake ya makumbusho na kumbukumbu. Kuvivusha bila kibali ni kosa, hata kama mtu amekuambia ni jiwe tu.

Zaidi ya sheria, kuna hasara. Kisukuku kikiondolewa mahali pake bila kumbukumbu, hupoteza nusu ya maneno yake. Hakuna tena anayejua kilikuwa tabaka gani, mwinuko gani, karibu na majani gani. Mwambie aliyekiona akiache palepale, aweke alama, na taarifa ipelekwe Makumbusho ya Kisumu au Nairobi kwa upande wa Kenya, au Makumbusho ya Uganda mjini Kampala.

Elgon ni volkano moja yenye nchi mbili mgongoni. Visukuku vya Bukwa vinasomwa pamoja na vya Rusinga na Moroto. Ukichukua vya upande mmoja tu, hesabu haikamiliki. Mama anayevuka Busia alfajiri na kikapu cha dagaa, akarudi jioni na ndizi, anaifanya hesabu hiyohiyo kila siku.